Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Viwanda vya Tanga, Ushindani wa Uchumi na Mshahara wa Mfanyakazi

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudi kila mara, barazani Ngamiani, katika foleni za stendi ya Kange, na katika mikutano ya wafanyakazi ninayoalikwa kuzungumza. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomgusa mtu mmoja mmoja. Kila jibu linajitosheleza, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa nimemwelekeza msomaji kwenye swali husika badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Tunaposema "ushindani wa uchumi wa taifa" tunamaanisha nini?

Ni uwezo wa nchi kuzalisha bidhaa na huduma ambazo watu watazichagua zikiwa zimepangwa sokoni pamoja na za wengine, huku wale wanaozizalisha wakiendelea kupata maisha yaliyo bora kuliko ya jana. Sehemu ya pili ya maelezo hayo ndiyo husahauliwa. Nchi inayouza kwa bei nafuu kwa sababu tu watu wake wanalipwa ujira usiotosha chakula imeuza jasho lao kwa bei ya kutupa, na hilo haliwezi kuitwa ushindi.

Kwa mwenye kiwanda jambo hili huonekana katika hesabu zake za kila siku: bei ya umeme na kama umeme wenyewe upo, gharama ya kufikisha malighafi na kutoa mzigo, umri wa mashine, riba ya mkopo, kodi na tozo, thamani ya shilingi, ujuzi wa wafanyakazi, na mishahara. Mshahara hutajwa kwanza kwa sababu ndio unaolipwa kila mwisho wa mwezi na ndio mwepesi kupunguzwa. Bei ya umeme mwenye kiwanda hana mamlaka nayo.

2. Je, ni kweli kwamba Tanga ilikuwa mji wa viwanda, au ni masimulizi ya wazee?

Ni kweli tupu. Mji huu ulikuwa na kiwanda cha mbolea, cha chuma, cha saruji, cha sabuni, cha mbao, na vya kusokota kamba na nyuzi za mkonge, na pembeni yake bandari na reli iliyoanza kujengwa hapa hapa mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Nilikua Ngamiani, na nyumbani kwetu saa ya ukutani ilikuwa pambo: tulijua muda kwa king'ora cha zamu na kwa makundi ya baiskeli yaliyopita barabarani, wanaume wamefunga vyombo vya chakula nyuma kwenye keria, wengine wakienda na wengine wakirudi. Tanga hadi leo ni mji wa baiskeli, na chanzo kimojawapo cha sifa hiyo ni kwamba mfanyakazi wa zamu alihitaji kufika kazini hata kama hakuna basi.

3. Mkonge ni zao la shambani. Kwa nini kila anayezungumzia viwanda vya Tanga huanza nao?

Kwa sababu mkonge hauwezi kuuzwa bila kiwanda. Daktari wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza vikonyo (miche midogo ya mkonge) elfu moja kutoka Florida, na vilivyofika vikiwa hai mwaka 1893 vilikuwa 62 tu, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hivyo vichache, Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulifika takriban tani 230,000.

Jani la mkonge likishakatwa lazima lifike kwenye korona, yaani mashine ya kuponda jani na kutoa nyuzi, ndani ya siku moja au mbili, la sivyo utomvu hukauka na singa, yaani nyuzi zenyewe, huharibika. Aliyewahi kusimama kando ya korona inayofanya kazi anajua ilivyo: majani yanalishwa kwa mkanda, ngoma yenye visu butu inayaponda, maji yanamwagika bila kukoma, na upande wa pili zinatoka singa ndefu zenye rangi ya kijani hafifu ambazo huanikwa juani mpaka ziwe nyeupe, kisha hupelekwa kwenye brashi, mashine ya kuzisafisha, na kufungwa marobota. Katika tani mia za majani, singa ni tani tatu hadi tano tu. Zilizobaki ni maji na makapi yenye harufu kali ambayo kila mtu wa Muheza na Korogwe anaifahamu. Kwa hiyo kila shamba lilibeba karakana, mafundi mitambo, mafundi umeme, reli ndogo za kubebea majani, na mji mzima wa watu wanaolipwa mshahara. Tanga ilijifunza kazi ya kiwanda mashambani.

## Kilichotokea

4. Kwa nini mkonge ulianguka?

Mambo manne yaliingiliana, na anayekutajia moja tu hajakuambia habari yote. La kwanza ni kamba za plastiki. Nyuzi za kutengenezwa kwa mafuta zilipoingia sokoni katika miaka ya 1960, wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifungia majani makavu ya mifugo kwa kamba ya mkonge wakahamia huko, na bei ya mkonge duniani ikaporomoka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache baada ya 1964.

La pili ni umiliki na usimamizi, ambao nimeueleza katika swali la 5. La tatu ni thamani ya shilingi. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kiwango rasmi cha kubadilisha fedha ambacho hakikulingana na bei za nchini. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17, na baada ya mageuzi ya uchumi yaliyoanza 1986 ikafika karibu shilingi 300 mwaka 1992. Fikiria shamba linalouza marobota kwa dola: kabla ya mageuzi, kila dola iliyoletwa nchini iligeuzwa kuwa shilingi chache mno, ilhali mafuta, magunia ya unga wa wafanyakazi na vipuri vya magendo vilinunuliwa kwa bei ya mtaani. Shamba lilikuwa likitozwa kodi kubwa ambayo haikuandikwa katika sheria yoyote ya kodi.

La nne ni uchakavu. Mkonge huchukua miaka miwili hadi mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha huvunwa kwa takriban miaka kumi. Shamba lisilopandwa upya leo halionyeshi njaa yake mpaka baada ya miaka kumi, na hapo tena hakuna namna ya kuharakisha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa karibu tani 20,000, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa 1964.

5. Nani aliua viwanda: aliyetaifisha au aliyebinafsisha?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na kwa kawaida muulizaji ameshachagua jibu. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, na baadaye viwanda vingi vipya vilijengwa na mashirika ya umma. Lilikuwa na sababu ya haki: kabla ya hapo mtu wa kawaida alikuwa kibarua katika ardhi yake mwenyewe. Wazee wa Tanga bado wanaitumia kauli "manamba", yaani mtu aliyesajiliwa kwa namba na kuletwa kutoka mikoa ya mbali kukata mkonge, na kuanzia miaka ya 1940 kulikuwa na ofisi ya kuwakusanya iliyojulikana kwa jina la Silabu. Kutaka kuondoa hali ile hakukuwa kosa.

Lakini mashirika yalirithi zao ambalo bei yake ilikuwa imeshaanza kuanguka, yakaongeza wafanyakazi kuliko kazi iliyokuwapo, na faida ya miaka mizuri ikapelekwa kwingine badala ya kununua mashine na kupanda upya. Kisha yakaja mapigo ya nje: bei ya mafuta ilipanda 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni. Kiwanda kisicho na fedha za kigeni hakina vipuri, na kisicho na vipuri hufanya kazi siku mbili kwa wiki huku kikilipa mishahara ya siku sita.

Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulikuta viwanda vingi vikiwa mahututi. Baadhi ya wanunuzi walileta mtaji na kazi ikaendelea. Wengine walinunua majengo, ardhi na vyuma, wakang'oa mashine, wakageuza karakana kuwa maghala. Hili la pili ndilo lililowaumiza watu wa Tanga zaidi, kwa sababu lilifanyika mbele ya macho yao. Baba yangu alipunguzwa katika kiwanda kimoja ambacho hakina haja ya kutajwa. Hadi anafariki alitunza barua yake ya kuachishwa kazi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa, akisubiri sehemu ya mafao ambayo haikuja. Nasema hivyo ili msomaji ajue kwamba siandiki nikiwa mbali na jambo lenyewe, na pia ili aelewe kwa nini nasisitiza sana yaliyomo katika swali la 14.

6. Kwa nini kiwanda cha mbolea kilikufa lakini saruji bado inazalishwa Pongwe?

Kiwanda cha mbolea kilianza kazi mwaka 1972 na kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Malighafi zake nyingi zilitoka nje kwa meli, kwa fedha za kigeni, kisha bidhaa ikasafirishwa kwa gharama kubwa hadi kwa wakulima wa Nyanda za Juu Kusini, upande wa pili wa nchi. Fosfati ya Minjingu, iliyoanza kuchimbwa 1983 kwa nia ya kukilisha kiwanda hicho, ilisaidia, lakini haikuondoa kasoro ya msingi: kiwanda kilikuwa mbali na malighafi na mbali na mteja kwa wakati mmoja.

Saruji ni kinyume chake. Mawe ya chokaa yapo chini ya miguu yetu, kiwanda kilianza 1980 juu ya malighafi yake yenyewe, na mfuko wa saruji ni mzito kiasi kwamba nauli peke yake humlinda mzalishaji wa karibu dhidi ya saruji ya mbali. Maziwa yana hali inayofanana: maziwa mabichi hayasubiri, na wafugaji wadogo wa mkoa huu waliojiunga katika ushirika walikipa kiwanda cha Tanga Fresh msingi ambao mshindani wa ng'ambo hawezi kuuchukua. Ukitaka kupima kiwanda kipya kinachotangazwa, uliza kwanza malighafi inatoka wapi na mteja yuko wapi.

7. Je, mitumba na bidhaa za China hazikuchangia?

Zilichangia, hasa kwa nguo, viatu na plastiki ndogondogo, baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Lakini ziliingia kwenye nafasi iliyokwishaachwa wazi: wakati mlango unafunguliwa, maduka ya ushirika yalikuwa hayana hata kanga. Leo nchi za Afrika Mashariki zina ushuru wa pamoja wa forodha wenye viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kiwango cha nne cha asilimia 35 kwa bidhaa ambazo viwanda vya ndani vinaweza kuzizalisha. Ushuru huo humpa mwenye kiwanda muda wa kujipanga. Asipoutumia muda huo kubadilisha mashine, anayelipa gharama ni mnunuzi, na mara nyingi mnunuzi mwenyewe ni mfanyakazi wa kima cha chini.

## Mishahara

8. Kima cha chini cha mshahara ni kiasi gani?

Kwa sekta binafsi kima cha chini hutangazwa kwa amri ya mishahara, na kila sekta ina kiwango chake. Amri ya 2013 iliweka shilingi 100,000 kwa mwezi kwa kilimo na 115,000 kwa biashara na viwanda. Amri iliyoanza Januari 2023 ikapandisha hadi 140,000 na 150,000. Kati ya amri hizo mbili ilipita karibu miaka kumi, na kila mama anayenunua unga na mafuta ya taa anajua bei zilikokwenda katika miaka hiyo. Mwaka 2025 serikali ilitangaza amri nyingine ya kuanza Januari 2026, inayopandisha wastani wa vima vya chini vya sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Wastani huo umechanganya sekta zote, zikiwamo benki na migodi, kwa hiyo mfanyakazi wa kiwandani au shambani asome kiwango cha sekta yake mwenyewe katika jedwali la amri.

Watumishi wa umma wana utaratibu tofauti. Kima chao cha chini kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Usichanganye habari hizi mbili, maana kila Mei Mosi watu hurudi nyumbani wakidhani wote wameongezwa.

9. Waajiri wanasema mishahara ikipanda viwanda vitakufa. Wanasema kweli?

Hili ndilo swali la katikati, na nitalijibu kwa kirefu.

Tuanze na hesabu. Chukua karakana mbili za kusokota kamba, ambazo nazitunga kwa ajili ya mfano. Ya kwanza inamlipa fundi shilingi 6,000 kwa siku naye anatoa kamba 40, kwa sababu mashine ni ya kizamani na umeme hukatika. Ya pili inamlipa 9,000 naye anatoa kamba 90. Katika ya kwanza kila kamba imebeba shilingi 150 za ujira, katika ya pili shilingi 100. Mwajiri wa pili analipa zaidi na bado kamba yake ni nafuu. Kinachomshindanisha mwajiri sokoni ni ujira uliomo ndani ya kila kamba, na ujira huo hushuka tija, yaani kiasi anachozalisha mtu kwa siku, inapopanda. Tija hutokana na mashine, umeme, mpangilio wa kazi, afya ya mtu na ujuzi wake.

Sasa tazama nje. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo Vietnam hulipwa kima cha chini kinachozidi mara mbili ile shilingi 150,000 tuliyokuwa nayo, na wa China hulipwa zaidi ya hapo. Lau ujira mdogo ungetosha kuleta viwanda, viwanda vya Vietnam vingekuwa vimehamia Gofu na Pongwe hapa Tanga zamani. Havikuhama kwa sababu kule bandari inapakia kontena kwa saa chache, umeme upo usiku na mchana, na vifungo, zipu na vitambaa vyote vinapatikana katika wilaya moja.

Hata hivyo sitaki kumdanganya msomaji kwamba mshahara hauna athari kabisa. Historia yetu wenyewe inashuhudia. Kima cha chini kilipopandishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mashamba mengi ya mkonge yalijibu kwa kuongeza kiasi cha kazi ya siku na kupunguza watu, na bei ilipoanguka muda mfupi baadaye, waliopunguzwa hawakurudi. Mwajiri ambaye soko lake limebana, na ambaye hawezi kuongeza tija, akipandishiwa mshahara kwa ghafla atapunguza watu. Ndiyo maana naona ni kosa kubwa kukaa miaka kumi bila kupandisha, kisha kupandisha kwa mkupuo. Nyongeza ndogo za kila baada ya muda mfupi, zinazojulikana mapema, humruhusu mwenye kiwanda kuzipanga katika bei na mikataba yake, na humwezesha mfanyakazi kutokuwa maskini zaidi kila mwaka huku namba kwenye karatasi ya mshahara ikiwa ile ile.

Kuna jambo moja zaidi ambalo waajiri wachache hulihesabu. Mtu anayetembea kwa miguu kutoka Mwahako bila kifungua kinywa hawezi kulisha mashine kwa saa tisa bila kukosea, na fundi mzuri anayelipwa kidogo huondoka kwenda Dar es Salaam pindi tu anapoijua mashine vizuri. Sisi Tanga tuna msemo wa "waja leo waondoka leo". Kwa mafundi wetu msemo huo umekuwa kweli kupita kiasi.

10. Kama tatizo si mshahara, ni gharama gani hasa inayoumiza?

Ninapowauliza wenye karakana, wengi hutaja umeme kwanza. Mgawo wa 2006, wa 2011 na ule wa mwishoni mwa 2023 uliwafanya wanunue jenereta na dizeli, na tanuri au mashine ya plastiki inayozimika katikati ya kazi huharibu malighafi iliyomo ndani. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, lililoanza kuzalisha Februari 2024, limeongeza umeme mwingi, na sasa kikwazo kikubwa kimehamia kwenye nyaya na transfoma za usambazaji. Baada ya umeme hutajwa riba, kisha wingi wa leseni na ukaguzi, jambo ambalo mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara wa 2018 ulilikiri waziwazi.

11. Mfanyakazi wa kima cha chini hukatwa nini, na mwajiri hulipa nini juu yake?

Mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato. Mchango wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mfanyakazi hukatwa 10 na mwajiri huongeza 10. Mwajiri hulipa pia mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na akiwa na wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo hugharimia kwa sehemu vyuo vya ufundi stadi vya VETA.

Ukikatwa NSSF, hakikisha fedha zimefika. Makato yanayoonekana kwenye karatasi ya mshahara na yasiyoonekana kwenye taarifa ya mfuko ni wizi, na ni rahisi kuusimamisha katika mwezi wa pili kuliko katika mwaka wa kumi na mbili.

12. Saa za ziada zinahesabiwaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na ziada haipaswi kuzidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne. Kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili, na kazi ya usiku huongezewa asilimia 5.

Kwa mshahara wa 150,000, gawanya kwa saa 195 za mwezi, utapata kama shilingi 769 kwa saa. Ya ziada itakuwa kama 1,154. Andika saa zako katika daftari lako mwenyewe kila jioni. Nimeona mashauri yakishinda kwa sababu ya daftari la kurasa themanini lenye tarehe.

13. Mimi nalipwa kwa kipande, si kwa mwezi. Kima cha chini kinanihusu?

Kinakuhusu. Mkataji wa mkonge anayelipwa kwa mafungu ya majani, au mshonaji anayelipwa kwa kila shati, bado ni mwajiriwa ikiwa anapangiwa kazi, muda na mahali, na amri ya mishahara imeweka viwango vya saa na vya siku, si vya mwezi peke yake. Ukigawanya ulicholipwa kwa saa ulizofanya na kikawa chini ya kiwango cha saa, mwajiri anadaiwa tofauti hiyo. Vyama vinavyoshughulikia hili ni TPAWU kwa mashamba na TUICO kwa viwanda na biashara. Kumwita mtu "kibarua" kwa miaka sita mfululizo hakubadilishi hadhi yake mbele ya sheria.

14. Kiwanda kinapunguza wafanyakazi. Nina haki gani?

Kabla ya kupunguza, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya nia yake, kueleza sababu, na kushauriana na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama, kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza idadi na vigezo vya kuchagua. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, kwa aliyefanya kazi mfululizo mwaka mmoja au zaidi. Kiasi hicho ni kidogo, na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, unaweza kukiongeza. Zaidi yake unadai likizo isiyochukuliwa, malipo ya notisi, nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama ulitolewa mbali, na cheti cha utumishi.

Ukiona umeachishwa isivyo halali, peleka shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kwa migogoro mingine ni siku 60. Siku hizo hupita upesi kwa mtu aliyechanganyikiwa, hasa anapoahidiwa kwa maneno kwamba "tutawaita". Ipokee ahadi, na fomu uijaze vilevile.

## Tanga ya sasa

15. Bandari iliyoboreshwa italeta viwanda?

Itaondoa kisingizio kimoja kikubwa. Kwa miongo mingi meli ilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, yakavutwa hadi gatini, ukapandishwa tena: kazi moja ikalipiwa mara mbili, na kontena likachelewa. Mradi wa uboreshaji wa shilingi bilioni 429.1 umechimba kina hadi mita 13 na kujenga gati lenye urefu wa mita 450, hivyo meli inafunga moja kwa moja. Treni ya mizigo nayo ilirudi Moshi mwaka 2019 baada ya njia kulala kwa miaka mingi.

Lakini bandari ni mlango, nao hupitisha vinavyoingia kama unavyopitisha vinavyotoka. Bandari ya haraka isiyo na viwanda nyuma yake itashusha bidhaa za wengine kwa bei nafuu zaidi. Hapa ningependa halmashauri ya jiji itenge ardhi yenye umeme na maji karibu na reli kabla wawekezaji wa maghala hawajaimaliza.

16. Bomba la mafuta ghafi litaajiri watu wangapi?

Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443. Miradi ya aina hii huajiri wengi wakati wa kujenga na wachache sana wakati wa kuendesha, kwa hiyo mwenye mpango wa maisha asiujenge juu ya ajira ya bomba lenyewe. Faida inayodumu ni ujuzi, kwa mfano wa wachomeleaji waliofundishwa na kupimwa kwa viwango vya kimataifa.

17. Mkulima mdogo wa mkonge ni mfanyakazi au mwenye mali?

Ni vyote viwili, na ndipo ugumu ulipo. Katika mashamba ya Korogwe kama Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi, wakulima wamo katika vyama vya ushirika na mkonge ni wao, lakini korona wanaitegemea ya pamoja. Korona ikikwama wiki moja, majani yaliyokatwa yanakauka yakiwa yamepangwa kando ya barabara, na hasara ni ya mkulima. Mfanyakazi wa mshahara angelipwa siku zake hata mashine ikiwa imesimama. Kwa upande wa pili mkulima huyo naye huajiri wakataji, na yote yaliyo katika swali la 13 yanamhusu akiwa mwajiri.

Kabla ya kujiunga, uliza nani anamiliki korona, vipuri vinanunuliwa kwa fedha ipi, na malipo hutoka siku ngapi baada ya marobota kupimwa daraja.

18. Mwanangu amemaliza kidato cha nne. Asomee nini ili apate kazi ya kiwandani inayolipa?

Ufundi wa umeme wa viwandani, ufundi mitambo, au uchomeleaji wenye cheti cha viwango. Viwanda vyote vilivyobaki Tanga, viwe vya saruji, vya maziwa au vya singa, vina mota, pampu, beringi na mifumo ya kuendesha mashine, na vyote hulalamika kwamba mafundi wa kuitengeneza bila kumwita mtu kutoka Nairobi au Dar es Salaam ni wachache. Akienda kwenye mafunzo kwa vitendo, aombe kukaa na fundi mzee wa zamu ya usiku, wakati ambapo mashine ikiharibika hakuna mtu mwingine wa kuitwa.